Binti Mfalme Aliyepanga Foleni

Miaka yangu ya kwanza ya kuigiza katika kikundi cha Erasto pale Masasi, sikuwahi kusema neno hata moja jukwaani. Si kwamba mimi ni bubu. Muulize mama yangu, atakwambia, na atakwambia kwa uchovu. Nilikuwa binti mfalme, na binti mfalme wa Erasto hasemi.

Katika mchezo wa kwanza nililala usingizi wa uchawi. Katika wa pili niligeuzwa jiwe. Katika wa tatu nilimezwa na zimwi mwanzoni kabisa, nikakaa nyuma ya pazia nikila karanga mpaka zimwi lilipopasuliwa tumbo, nikatoka, nikaolewa. Erasto alikuwa amesoma vitabu vyote vya hadithi za kale vilivyoachwa kwenye kabati la misheni kule Lulindi, vyenye majumba ya mawe, farasi weupe na mapanga yanayong'aa, na humo alikuwa amechota kanuni zake. Ukimuuliza kwa nini binti mfalme hasemi, anavua miwani na kuipangusa kwa shati.

"Dorika, mdogo wangu, binti mfalme ndiye anayetafutwa. Kinachotafutwa hakisemi. Umeona wapi mbuzi aliyepotea akatoa maelekezo?"

"Mbuzi aliyepotea hulia, kaka Erasto. Ndivyo anavyopatikana."

Anavaa miwani. Mazungumzo yamekwisha.

Wanawake wa michezo yake walikuwa hawa. Malkia, ambaye amekufa kabla pazia halijafunguliwa. Binti mfalme, ambaye ni mimi, nimelala. Na mchawi, ambaye ni Haji. Ndiyo, Haji fundi baiskeli, mwenye ndevu. Hakuna mwanamke wa Masasi ambaye angekubali kuigiza uchawi mbele ya majirani zake. Leo unacheka na kutikisa kibuyu jukwaani, kesho mtoto wa mtu anaumwa tumbo, na watu wanaanza kukumbuka jinsi ulivyocheka vizuri. Kwa hiyo Haji alifungwa kanga mbili, akabanwa hereni masikioni, akacheka yeye. Alikuwa na maneno mengi kuliko sisi sote. Nilimwonea wivu kweli kweli, na sioni aibu kusema hivyo.

Hayo yote ningeyameza kama si Bibi Sophia.

Bibi Sophia ndiye aliyemzaa mama yangu, na ndiye aliyenilea huko juu Newala mpaka nilipomaliza darasa la saba, ndipo nikateremka Masasi. Macho yake yalikuwa yamekufa yote mawili. Masikio ndiyo yaliyobaki kumfanyia kazi zote. Mtu akipita njiani alimjua kwa nyayo, na kama ana deni la salamu alimwita arudi. Mwaka ule niliokuwa jiwe, yeye alikuwa amekuja Lulindi kwa harusi, na sisi tukawa tunacheza kwenye uwanja wa hapo hapo. Akavaa kanga mpya. Akawaambia watu wote kwamba leo anakwenda kumsikia mjukuu wake. Akakalishwa mbele.

Akangoja. Akasema mfalme, akacheka Haji, akaimba Nikolao, kijana wetu shujaa, mwenye sauti nzuri na anayelijua hilo kupita kiasi. Mwisho Bibi akamgusa mama mmoja aliyekaa karibu naye.

"Dorika anaingia lini?"

"Mbona yupo, bibi. Yule pale."

"Simsikii."

"Amelala pale, bibi. Hatikisiki."

Sasa, kwetu habari ya msiba haisemwi waziwazi kwa mtu mzima. Anaambiwa fulani amelala, fulani kidogo hali yake imebadilika, hebu twende tu nyumbani. Bibi alikuwa amepokea habari nyingi za namna hiyo maishani mwake. Nikiwa jiwe hivyo hivyo, niliisikia pumzi yake ikivutwa, halafu kilio. Na kilio cha mama mtu mzima hakiachwi kiende peke yake: wanawake wa pembeni wakakipokea bila kuuliza ni cha nani, walio nyuma wakakipokea kutoka kwa wa mbele, mpaka harusini watu wakaacha ngoma na kuja mbio kujua nani amefariki. Nikolao alibaki na panga lake juu. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, na nyuma ya pazia nikamsikia Erasto akininong'oneza kwa hasira, "Jiwe halilii! Dorika, jiwe halilii!"

Jioni yake Bibi alinishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa wote kama anayetafuta jeraha.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania tangu utotoni, "nilikuja kukusikia, nikakulilia. Mimi macho sina. Ukinyamaza, kwangu hupo. Siku ukija Newala na mchezo wako nataka nikusikie, hata neno moja. Kama huna neno, usitume mtu kuja kuniita. Nimeshalia vya kutosha."

Nikamwahidi. Kwa sauti, ili asikie.

Mwaka wa kumezwa na zimwi ukapita, ukaja msimu ule ambao ruhusa ilikuwa imetolewa watu binafsi wanunue korosho, na kila mwenye lori alijiita kampuni. Newala ilijaa mizani. Mnunuzi mmoja wa Masasi, Abdulrazaki, aliona kwamba wenzake wanawavuta wakulima kwa maneno matamu tu, akaamua yeye atawavuta kwa mchezo wa kuigiza. Tungepelekwa na lori lake mpaka kwenye uwanja wake wa kununulia, tucheze kando ya mizani, watu waje na magunia. Erasto alifurahi, akaandika mchezo mpya siku hizo hizo: binti mfalme amerogwa, amelala, hataamka mpaka shujaa ateremke kwenye Bonde la Zimwi kumletea maji ya uhai.

Nikamwambia, "Kaka Erasto, huko ndiko aliko bibi yangu. Nipe neno moja. Nikiamka niseme ahsante."

"Ukiamka Nikolao anaimba. Utamkata."

"Basi nikohoe."

"Binti mfalme hakohoi."

"Nikorome, basi! Si nimelala?"

Akavua miwani. Nikajua kanuni zinakuja, nikaondoka kabla hazijafika.

Newala tulifika kiangazi kikiwa kimekomaa. Bomba lilikuwa kimya siku nyingi, na wanawake walikuwa wanateremka genge, ule ukingo mkali wa mlima, gizani kwenda kuchota bondeni na kurudi jua likiwa limepanda. Lakini Erasto alitaka maji ya kweli katika ndoo ya Nikolao, kwa kuwa Masasi tulipofanya mazoezi yalimeremeta vizuri yakimiminwa usoni kwangu. Akazunguka nyumba hadi nyumba kuomba. Alipewa mihogo. Alipewa korosho za kukaanga. Nyumba moja walimkaribisha alale na kesho yake pia. Maji hakupewa.

Mwisho akafika kwa Bibi Sophia, nami nyuma yake. Jirani wa Bibi, Mama Stamili, ndiye aliyekuwa akimchotea, na ndoo ya siku ile ilikuwa imesimama pembeni ya mlango, juu yameelea matawi mabichi ya kuzuia maji yasirukeruke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo wa nyuma ni Dorika, asijifiche."

Erasto akaeleza shida yake. Bibi akaweka mkono juu ya ndoo.

"Kama ni ya mchezo wa mjukuu wangu, chukueni. Atasema?"

"Atakuwepo, bibi," akasema Erasto.

"Sikuuliza kama atakuwepo."

Erasto akabeba ndoo kwa adabu nyingi, akaondoka upesi. Nikamwambia Bibi, "Njoo tu, Bibi," na yeye akasema haya, atakuja, na njia nzima ya kurudi uwanjani nilijisikia kama mwizi.

Uwanja ulifurika. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya magunia, na mimi nililazwa juu ya benchi, nimevaa gauni la harusi kutoka kwenye robota la mitumba na taji lililokatwa kwenye kopo la mafuta ya kula. Nikafumba macho. Mfalme akalia, mchawi Haji akacheka, akauawa mapema ili awahi kubadilisha nguo, maana na zimwi pia alikuwa yeye. Ndipo Nikolao akaingia. Akasimama mbele ya watu, panga juu, kifua mbele.

"Ni nani," akaimba, "ni nani athubutuye kushuka bondeni kuyafuata maji?"

Masasi, hapo waliokuja kutazama mazoezi walikuwa wakizuia pumzi kwa hofu. Newala, sauti ya mwanamke ikasema:

"Mimi nimeshuka leo asubuhi."

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Mkwe wangu bado yuko huko huko."

Kicheko kikaanza kando na kusambaa. Nikolao akaongeza sauti.

"Njia ni ya mawe na miiba!"

"Tunaijua!"

"Wote walioteremka hawakurudi!"

"Mbona tumerudi na tumepika?"

Nilikuwa nimelala, nimeuma ulimi, na shanga za gauni zinagongana kwa jinsi tumbo lilivyokuwa likitikisika. Nikolao akapigana na zimwi, zimwi ambalo kwa haraka lilikuwa limesahau kuvua hereni, akaliua, akainua ndoo kwa mkono kama ilivyokuwa kwenye vitabu vya Erasto.

"Kichwani!" wakamwambia. "Weka kichwani, baba! Kwa mkono utafika na nusu!"

Hapo angewaachia tu. Lakini Nikolao ana moyo wa jogoo. Akaitwika ndoo ya Bibi kichwani bila kata, bila hata kitambaa, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine panga, akaanza kutembea kishujaa. Hakumaliza mbao ya pili. Nilisikia kisigino kikiteleza, bati likilia, na maji ya Bibi yakimwagika yote.

Hakuna aliyecheka. Mahali pengine wangecheka mpaka kesho, lakini Newala maji yakimwagika si kichekesho. Uwanja mzima ulishika kichwa. Maji yalipenya kati ya mbao, yakafika mchangani, na mchanga ukayanywa yote pale pale.

"Endelea!" Erasto akanong'ona nyuma ya pazia. "Jifanye yamo!"

Nikolao akaja na ndoo tupu, akaigeuza juu ya uso wangu. Likadondoka jani moja. Kwa mujibu wa mchezo nilitakiwa nifumbue macho, nitabasamu, nimpe mkono. Nilikuwa tayari kutabasamu, nakwambia. Ndipo nikamsikia Bibi, pale mbele.

"Kumetokea nini?"

"Maji yamemwagika, bibi," akasema Mama Stamili.

"Na Dorika?"

Na Mama Stamili, mwanamke mwema asiye na kosa lolote, akamjibu kwa upole, "Amelala pale, bibi. Hatikisiki."

Nikaisikia ile pumzi inavutwa.

"Bibi, sijafa!" Nilikuwa nimeketi kabla sijajua nimeketi, taji limeruka. "Sijafa, Bibi! Niko hapa, mzima! Na huyu Nikolao amemwaga maji yako!"

Halafu kutoka mbele, sauti nyembamba, iliyojaa furaha: "Ee! Ndiye! Ndiye huyo!"

"Lala," Erasto akasema. "Dorika, nakuomba, lala."

Miaka yangu yote ya usingizi, na ujiwe, na tumbo la zimwi, ikanipanda kooni kwa pamoja. Nikasimama.

"Silali! Nimelala vya kutosha! Huyu nimemngoja aniletee maji, na maji yako wapi? Lete hiyo ndoo. Nitakwenda mwenyewe."

Nikampokonya Nikolao ndoo. Nikavuta shela la gauni, nikalisokota, nikalizungusha kuwa kata, nikaiweka kichwani na ndoo juu yake, na mikono yote miwili nikaiachia. Shangwe iliyopigwa ilinifanya nisisikie Erasto alikuwa anasema nini. Nikazunguka jukwaa nikiteremka bonde, nikitaja kila mahali kwa sauti ili Bibi afuate: hapa pana jiwe linaloteleza, hapa tunapumzika, hapa ndipo Mama Stamili alipovunja mtungi. Mama Stamili akapiga ukelele, "Ni kweli, ndipo hapo hapo!"

Haji alikuwa amekufa pembeni. Alipoona nakaribia alijua mchezo hauwezi kwenda bila zimwi, akafufuka, akanizuia njia, akanguruma. Kisha akanitazama kwa wasiwasi, maana maneno yake yote yaliyobaki yalikuwa ya kujibizana na Nikolao.

"We zimwi," nikamwambia, "umekuja saa ngapi hapa kisimani?"

"Mimi?" akasema Haji. "Mimi naishi hapa."

"Sikuuliza unapoishi. Nimeuliza umemtangulia nani. Kila mtu hapa ameamka gizani, ameacha watoto, na wewe umesimama mbele na makucha yako. Panga foleni!"

"Panga foleni!" uwanja ukaitikia.

"Lakini mimi ni zimwi," akasema Haji, karibu kulia.

"Hata uwe zimwi na nusu. Foleni ni foleni. Nyuma!"

Mwanamke mmoja akapanda jukwaani na kusimama mbele yangu, akasema yeye alikuwa ametangulia, ameacha jiwe lake kushika nafasi. Mwingine akapanda akasema jiwe lile ni lake. Wakaja wengine, na mabeseni, na watoto mgongoni, foleni ikashuka kutoka jukwaani ikazunguka lori. Haji akasukumwa akawa wa mwisho, akauliza kwa heshima kama maji yatatosha. Abdulrazaki, aliyekuwa amekaa peke yake na mizani yake, akaja kumuuliza Erasto kama foleni ile ingeweza kupitia kwake.

Erasto mwenyewe alikuwa na shida nyingine. Benchi lilikuwa tupu. Ikiwa naleta maji ya uhai, namletea nani? Nilimwona akimsukuma Nikolao kwa nguvu kuelekea kwenye benchi. "Lazima mtu alale! Kanuni ni kanuni! Lala wewe!" Nikolao akalala, panga kifuani, uso umevimba kwa hasira.

Nikarudi na ndoo yangu tupu. Lakini niliibeba kama imejaa, shingo wima, hatua kwa hatua, na uwanja ule wa watu wanaojua ulinyamaza kabisa, wakihofia yasimwagike. Nikammiminia Nikolao maji usoni. Akafumbua macho, akavuta pumzi aanze kuimba.

Nikamwekea kidole mdomoni. "Kinachotafutwa hakisemi," nikamwambia.

Baada ya hapo hakuna aliyesikia mwisho wa mchezo. Niliruka chini nikaenda kwa Bibi. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na anamgusa kila aliye karibu. "Mmemsikia? Ndiye huyo wangu. Mmemsikia alivyomwambia zimwi?" Akanikumbatia. Halafu mkono wake ukaigusa ndoo, ukaingia ndani, ukapapasa mpaka chini.

"Kavu," akasema.

"Ni mchezo, Bibi."

"Najua ni mchezo. Nimekusikia mpaka roho imetulia. Lakini ndoo yangu ilitoka nyumbani ina maji."

Kwa hiyo alfajiri yake, kabla lori halijaondoka, tuliteremka bondeni kweli: mimi na ndoo ya Bibi, Nikolao na ndoo ya Mama Stamili, na Erasto na dumu, kwa kuwa nilimwambia hatapanda lori nami nikiwa hai kama hakuchukua dumu. Kisimani wanawake walinitambua. Walinipigia vigelegele, wakaniita binti mfalme, wakanionyesha mahali pangu, nyuma kabisa. Nikatafuta jiwe langu nikaliweka.

Kupanda kulikuwa vilevile kama nilivyokukumbuka. Nikolao alisimama kila kona na kuuliza kama tumekaribia. Erasto alipumzika, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, na sikumsikia akitoa kanuni yoyote mpaka tulipofika juu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Nikatua ndoo mbele yake, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo, akanawa uso taratibu bila kupoteza tone. Barabarani dereva alikuwa anapiga honi.

"Lori linatungoja, Bibi."

"Lingoje. Kaa hapa." Akapigapiga mkeka kando yake. "Macho sina, na hujui utarudi lini. Sema tena yale uliyomwambia zimwi."

"Yapi, Bibi?"

"Yote."

Nikakaa, nikaanza tangu mwanzo.